Ndama wa Nyasi

Mwello, 18 Septemba 2024

Kwa dada yangu Akiteng,

Salamu nyingi. Mguu wako bado unavimba? Sisi tuko wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha miaka.

Watoto wamerudi kutoka likizo kwako wamenona, asante. Lakini hawanywi maziwa. Nilidhani ni tumbo, mpaka Aanyu akasukuma kikombe, akaniambia, "Baba, haya si yetu." Okwi naye akafunika chake kwa sahani. Umewafanya nini? Simu zangu hupokei, basi nampa Twaibu, yule dereva wa pikapu, barua hii.

Kaka yako,
Engole

Busia, 21 Septemba 2024

Kwa kaka yangu,

Mguu unavimba kama kawaida. Nimeuzoea, kama nilivyokuzoea wewe. Mgongo pole.

Madoa ni ng'ombe wangu, niliachiwa na Mama. Nilimwacha kwako kwa kuwa fundi cherehani wa vyumba viwili hafugi. Mwezi wa saba uliniambia ndama wake amekufa kwa ndigana. Nililia mpaka nikashona gauni la mteja mkono mmoja ukiwa ndani nje.

Kumbe ulimchinjia mkwe wako, mzee Ecweru! Aanyu alinisimulia bila ubaya, nikimmiminia chai. Ngozi ukaijaza nyasi kavu, na kila asubuhi unaisimamisha mbele ya Madoa. Anailamba, anadhani ni mtoto wake, anashusha maziwa, wewe unakamua.

Nikawauliza watoto swali moja tu: "Maziwa hayo ni ya nani?" Okwi akasema ya ndama. Nikauliza, "Na ndama yuko wapi?" Vikombe havikumalizwa. Basi nikaendelea kuwauliza hivyo hivyo, siku kumi na mbili.

Usinione mtakatifu. Walipokwenda kuchota maji nilikunywa chai ya maziwa nyuma ya mlango, haraka, nikaungua ulimi. Lakini mpaka uwaambie hao watoto kwa mdomo wako kwamba ulinidanganya, hawatagusa maziwa yako, na mimi nitalala vizuri.

Dada yako,
Akiteng

Mwello, 7 Oktoba 2024

Dada mpendwa,

Natumaini umeamka salama. Nimefikiri sana, kwa mtu wa kichwa kidogo kama changu. Madoa ni wako. Twaibu anakuletea kwa pikapu, na kamba mpya. Sina kinyongo. Mkamue kwa upole.

Kaka yako,
Engole

Busia, 9 Oktoba 2024

Kaka,

Hujambo? Mimi sijambo sana.

Madoa nimemfunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Hashushi hata tone. Nimemwimbia, nimempa chumvi, jirani yangu Hamidah ameleta pumba. Amepiga ndoo teke, kisha akanipiga mimi, sasa nina miguu miwili ya kuvimba. Kiwele kimekaza kama ngoma na analia bila kupumzika. Mama mwenye nyumba amenipa mpaka Jumapili.

Naona haya kuandika haya. Nitumie ile ngozi.

Dada yako,
Akiteng

Mwello, 10 Oktoba 2024

Kwa dada yangu,

Pole kwa mguu wa pili.

Ngozi haipo. Siku ile ile nilipompakia Madoa, Aanyu aliizika nyuma ya migomba, Okwi akaimba wimbo wa kanisani. Shimo nilichimba mimi, kwa amri ya mtoto wa miaka tisa, na mgongo huu. Nikawaambia palepale: ndigana ilikuwa uongo wangu. Umepata ulichotaka. Nilijua pia kwamba bila ngozi Madoa hatashusha. Ndiyo maana nilikuletea, uone mwenyewe.

Leo nimewasomea barua zako zote mbili. Na ile chai ya nyuma ya mlango. Okwi alicheka. Aanyu hakucheka.

Wanakuja kesho kutwa na Twaibu. Aanyu anasema si kukusalimia, ni kumchukua Madoa. Ameuliza kwa mtu wa mifugo namna ya kumkausha maziwa pole pole, na amesema atamkamua mwenyewe, kidogo tu, apunguze maumivu, amwage chini. Mimi sitakiwi kumgusa. Wewe pia.

Mpaka wafike, mkande kiwele kwa kitambaa cha maji moto. Simama ubavuni, dada, si nyuma.

Kaka yako,
Engole