Alama Nyuma ya Paa

Shoga, nimefanya kitu kibaya. Usinipigie, nitalia.

Unamkumbuka yule mama aliyeleta kinyumba cha mbao alichochonga marehemu mumewe, nikiskani kiwe picha ya kuzungusha kwenye kompyuta? Rangi inang'aa mno, mashine haikisomi mpaka kipuliziwe poda nyeupe. Kabla ya poda nikakifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Nyuma ya paa palikuwa na doa, nikalisugua mpaka likatoka, pakawa laini. Nikajiona hodari.

Amekuja sasa hivi. Picha imempendeza, anaizungusha huku anacheka. Halafu akachukua kinyumba chenyewe, akapeleka kidole nyuma ya paa bila hata kutazama. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Mwanangu, alikishika rangi haijakauka. Alama ya kidole chake ilikuwa hapa."

Nikamwambia labda ni mwanga, mama. Mwanga, shoga. Mtu anapapasa, mimi namwambia mwanga.

Akaniomba radhi. Yeye ndiye kaniomba radhi, eti uzee umemsahaulisha mahali penyewe.

Ameondoka bado anapapasa. Kitambaa kiko hapa mezani, kina rangi ya bluu ya lile paa, na siwezi kukitupa.