Emerance Lotsove, Hukutubu

Mwaka umetimia, Emerance, tangu tukufunike kwa udongo mwekundu, ule ule uliokuwa ukiukusanya kwenye karatasi zako za kupimia hewa. Watu wanatuambia kwamba mwaka unapoza. Kwetu haujapoza kitu.

Ulizaliwa Kpandroma, kwenye baridi, na ulizaliwa na pumu. Mama alikuwa akikulaza karibu na mlango wa jiko ili upate kupumua. Ukiwa mdogo ulimwuliza, "Mama, moshi ikishatoka inaendaka wapi?" Jibu ulikwenda kulitafuta mwenyewe, Kisangani kwanza, halafu mbali zaidi, ukarudi Bunia ukiwa mkemia wa hewa.

Shangazi Martine alikupokea kwa mikono miwili, lakini alikuwa na swali. "Miaka yote ile ku masomo, eti ni juu ya aérosol? Ile ya kuua mbu?"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kisha ulikaa chini ukamweleza polepole kwamba aerosoli ni chembe ndogo mno zinazoelea hewani: vumbi la barabara zetu, masizi ya makala, yale makaa ya kupikia, moshi wa tanuru za matofali na wa jenereta. Ni ndogo kiasi kwamba pua haizizuii. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu na kukaa humo.

"Basi siye wote tuko tunakula aérosol," akasema Shangazi, "na hatujanawa ata mikono."

Tangu siku hiyo neno hilo likawa la nyumbani. Mtu akikohoa mezani, watoto wako walisema, "Amekula aérosol."

Tunakumbuka asubuhi zako. Ulifungua mlango, ukasimama, ukanusa, ukatuambia mtaa mzima wa Rwambuzi unachoma nini. "Rachidi amechanganya makala na mbao ya rangi." Na Rachidi, jirani yetu mwuza makala, aliyekusikia kupitia ukuta, alijibu, "Mama Mashini, ongea polepole, wateja watasikia!" Halafu ulisali, ukanawa mikono, ukafungua mashine yako, sanduku lenye pampu inayovuta hewa kupitia karatasi, ukatoa karatasi ya jana na kuweka mpya. Karatasi iliingia ikiwa nyeupe. Iliyotoka ilikuwa na rangi ya maji ya mtaro, na siku nyingine ilikuwa nyeusi kabisa.

Uliipenda kazi hii kwa sababu ya watu. Hukupima ili kusifiwa. Wakimbizi wa Djugu walipowekwa katika ukumbi wa nyuma wa kanisa letu, hapa Rwambuzi, wewe ndiye uliyeenda kulala nao usiku wa kwanza, kwa kuwa nasi pia tulifika mjini hivyo hivyo, na godoro kichwani. Uliona akina mama wanapika ndani, kwa kuni mbichi, kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Ukumbi ule hauna dirisha la juu. Moshi ulipanda hadi kwenye mabati, ukakosa njia, ukarudi chini kwa watoto waliolala. Uliweka mashine yako humo. Ulipotoa karatasi, ulituonyesha jinsi ilivyokuwa nyeusi.

Ulitaka jambo dogo. Uliwachorea wazee wa kanisa chini kwa kijiti: mabati mawili ya juu kabisa yainuliwe kama kofia, moshi utoke, mvua isiingie. Basi. Mume wako Floribert, ambaye ni fundi seremala, alisema ni kazi ya mchana mmoja.

Na ndipo tunafika kwenye neno lililokuponza.

Kanisa lilikuwa katika juma la kufunga na kuomba, na maombi ya juma lile yalikuwa ya kufukuza pepo wachafu. Jumapili, wakati wa matangazo, ulisimama. Ulivaa kitenge chako cha kijani. Ulisema kama tunavyosema sote nyumbani, kwa sababu ulitaka hata bibi aliyetoka shamba jana aelewe. "Bandugu, nimepima. Mupepo ya mu hii nyumba iko muchafu. Itaua batoto."

Muzee Josaphat, mkubwa wa wazee wa kanisa, alisimama polepole. "Dada, weye uko unaita Roho wa Bwana pepo muchafu? Mu nyumba yake?"

Ulicheka, Emerance. Ulidhani anatania. Kicheko kile hawakukusamehe.

Ulijaribu. Ulisema, "Hapana, muzee, mupepo, l'air! L'air! Ile tunavuta!" Lakini wanawake walikuwa wameanza kulia "Eeh Yesu", na mtu wa nyuma alipaza sauti kwamba sanduku lako linanyonya maombi yasifike juu. Siku ile ile walilitoa ukumbini na kuliweka kwenye matope. Ulikatazwa kuingia kanisani hadi utubu mbele ya wote.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njiani uliniambia, "Yaya, nitubu nini? Nitubu moshi?"

Mimi, dada yako mkubwa, ninaandika haya kwa mkono wangu. Ni wewe uliyenisukuma niende shule ya jioni na mvi zangu, na neno la kwanza nililosoma peke yangu lilikuwa "Rwambuzi", kwenye kifuniko cha sanduku lako. Baada ya wewe kuondoka, mwalimu wetu aliandika ubaoni maneno matatu: hewa, upepo, pepo. Alieleza kwamba katika vitabu kila moja lina kitu chake. Siye tulijua moja tu, mupepo, na tuliliacha libebe yote matatu. Nilikaa pale na kalamu mkononi, nikalia mbele ya darasa. Kwa muda nilijifariji: kumbe ilikuwa ni neno tu, watu hawakuelewana.

Lakini Mungu hapendi tujifariji kwa uongo. Muzee Josaphat anajua Kifaransa kuliko sisi sote. Ulisema l'air, na alisikia. Mabati yale aliyasimamia yeye mwenyewe yalipowekwa, na jina lake limeandikwa kwenye ukuta chini yake. Hakutaka mtu ayaguse. Hilo ndilo lote lililokuwepo.

Rachidi alikupa paa lake. Alisema, "Leta mashini kwangu. Mimi ni Muislamu, kwangu haiwezi kunyonya maombi ya kanisa." Ukaendelea kupima. Lakini ulijua kwamba kupima nje hakumsaidii aliye ndani, kwa hiyo uliingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, ukatoa akina mama mmoja mmoja waje kupika kwenye uwanja wetu, chini ya turubai. Nadège, mmoja wao, alikuja na mtoto mgongoni, na mtoto yule leo anatembea. Ndiye anayevuta mkia wa mbuzi wetu.

Wewe na pumu yako ulikuwa ukiingia kwenye moshi ule kila siku ya mvua. Tulikukataza. Ulisema, "Nikitoka wao wanabaki."

Hospitalini, pumu ilipokuzidi, ulikuwa unapumua kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Kati ya pumzi na pumzi uliomba maji, kisha uliuliza, "Wameshafungua mabati?" Floribert alikuambia bado. Ulifunga macho. Tulisali Zaburi, wewe ukifuata kwa midomo. Huo ndio mwisho wako. Tulikuwepo, mimi, Floribert na Mama, na hapakuwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana maneno ya makaburini yanatuchoma hadi leo. Muzee Josaphat alikuja na kwaya. Alisimama juu ya udongo wako akasema, "Tunamushukuru Mungu, dada yetu alitubu mbele ya kufa." Watu wakaitikia Amina.

Hukutubu. Tunaliandika hapa ili asomaye asikie. Hukuwa na cha kutubu. Ulimpenda Mungu, ulizijua chembe zake ndogo kuliko wengi wetu tunavyojua milima yake, na ulikufa ukiuliza habari za mabati mawili.

Tumemwendea muzee na kumwomba alirudishe neno lile mahali alipolisemea. Alitujibu, "Nilisema vile ili muzike kwa amani." Amani gani? Kwa mwaka mzima nimeomba nipewe moyo wa kusamehe. Siku nyingine ninaomba meno yakiwa yamebanana. Bwana anajua, na bado ananisikiliza.

Na mabati hayajafunguliwa. Wakimbizi wapya wamefika kutoka upande wa Aveba, mvua imeanza, na jana tena tumesikia kikohozi cha watoto tukipita barabarani.

Kanisa limetuita tufanye ibada ya mwaka wako Jumapili hii, baada ya ibada ya kwanza. Tumekubali. Tunawaalika wote waliokufahamu, na wale waliokuita mwenye pepo pia. Tunawaomba wasilete maua. Sisi hatutaleta. Floribert ataleta ngazi, na Rachidi ameahidi kuishika chini. Tutaimba, tutasali, kisha tutazunguka nyuma ya kanisa na kufanya ile kazi ya mchana mmoja kama ulivyoichora. Atakayetaka kutuzuia atatuzuia mbele ya watu wote, na aseme kwa sauti anatuzuia kwa nini.

Wanaokukumbuka ni Mama yako, ambaye bado anaacha mlango wa jiko wazi, mume wako Floribert, watoto wako Chance na Vanessa, Shangazi Martine, Nadège na mtoto wake, jirani yako Rachidi, na mimi dada yako, Alphonsine.

Hutatutoka moyoni, Emerance, maadamu tunavuta mupepo huu. Na ukiona huko uliko moshi unapanda kutoka Rwambuzi, umenyooka, ujue bati limeinuka.