Punje ya Mama Mkwe

Shoga, nimeumbuka!

Nimetoka duka la dawa, lile sikio lilikuwa linanitoa machozi. Mfamasia kauliza, "Nesi, umeweka kitu humu?" Nikamjibu kwa madaha: "Mimi? Kitu sikioni?"

Akamulika na kidude chake chenye taa. Akachukua kibano, akachomoa PUNJE YA KITUNGUU SAUMU 😭

Mama mkwe aliniwekea jana, eti dawa ya sikio, nikajua ilishadondoka. Ningemkataliaje, na alishaimenya?

Na ukutani pale kuna bango la kliniki yetu: USIWEKE CHOCHOTE SIKIONI. Anayenyoosha kidole pichani ni mimi. Mimi, shoga!

Akanipa dawa ya matone, na ile punje akaifunga kwenye karatasi. "Hii rudisha jikoni."

Nimefika nyumbani. Mama mkwe anamenya nyingine.

Nimeinamisha kichwa, sikio juu.