Anselm Bado Yuko Mlangoni

Gudele, Juba
4 Mei 2025

Mwanangu Shallon,

Salamu nyingi. Hujambo? Rufus mumeo hajambo? Mimi mzima isipokuwa mgongo, nao ni wa cherehani, tumeshazoeana. Simu zangu hupokei, basi barua hii nampa Levi, kondakta wa basi la Kampala. Ameapa ataifikisha hapo Gulu mpaka shuleni unakofundisha.

Juzi paa lilivuja, nikavuta sanduku lako la bati kutoka uvunguni. Ndani, chini kabisa ya nguo, nimekuta vile vitabu vyako vya mumiani wa Kizungu, cha kwanza na cha pili. Cha tatu unajua kilikokwenda. Nikasema, leo nitasoma, nimjue shetani aliyeninyang'anya mtoto. Nikaketi na chaki ya kitambaa mkononi ili nipigie mstari kila dhambi. Haki ya Mungu, nimefika ukurasa wa hamsini sijapiga hata mmoja! Wateja wawili niliwaambia umeme umekatika, na cherehani yangu ni ya miguu.

Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenyekiti wa akina mama wa maombi, namwonea huruma mnyonya damu! Huyu Anselm ana miaka mia na sitini, sura ya kijana wa sekondari, na anampenda msichana Marit mpaka anakonda. Usimwambie mtu.

Kaka yako Douglas ameniambia una mimba ya miezi mitano. Mbona nisikie kwa Douglas? Haya, yamepita. Nitakuja mwezi wa nane, nimeshaamua. Ukijifungua nani atakukanda?

Mama yako

*

Gulu
30 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole kwa mgongo.

Usije. Mama yake Rufus anakaa karibu, atanikanda yeye.

Kuhusu vitabu, hukuwahi kuniuliza, kwa hiyo nitakuambia leo. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilienda kuteka maji, kurudi nikakuta sanduku langu liko wazi uani na wenzako wa maombi wanaimba kuzunguka moto. Kitabu ulichochoma hakikuwa changu. Nilikiazima kwa Amer, rafiki yangu pekee darasani, na tangu siku hiyo hakunisemesha tena. Ulifungua tu, Mama. Ndivyo ulivyo siku zote: unafungua, unaingia, unaamua. Hata sasa unaniandikia "nitakuja, nimeshaamua."

Shallon

*

Gudele, Juba
19 Juni 2025

Mwanangu,

Mimba inaendeleaje? Miguu haivimbi? Barua yako umetia sahihi jina tupu, kama risiti ya dukani. Niliisoma mara tatu, nikakimbilia kitabu cha pili. Malesh, nivumilie, mama yako ndivyo alivyo.

Nimeunguza joho la kwaya. Pasi ya mkaa ilibaki juu yake wakati Marit amepotea msituni, nikasahau ulimwengu. Nilipomweleza Sahro, yule mama Msomali wa duka la jirani, alicheka sana, kisha akakataa kuondoka mpaka nimsimulie yote. Sasa kila siku akimaliza swala ya alasiri anakuja na birika la chai, mimi nasoma Kiingereza namtafsiria. Anasema mwanamume wa miaka mia na sitini asiye na hata ngamia mmoja ni wa kukataliwa. Lakini ndiye aliyelia wa kwanza.

Tulilia kitabu kilipofika mlangoni kwa Marit. Kumbe mumiani haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa! Mlango uko wazi, nguvu anazo, mvua inamnyeshea, na bado amesimama anabisha hodi. Na neno karibu likishatamkwa halirudishwi tena milele, ndiyo maana Marit ananyamaza. Kitabu kikaishia hapo. Hapo hapo! Nikaukumbuka mkono wangu ukitupa cha tatu motoni.

Nimekitafuta madukani kuanzia mtaa wa Hai Cinema mpaka Juba Na Bari, hakipo. Nakuomba uniambie: Marit alimkaribisha?

Mama yako

*

Gulu
22 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Miguu imevimba kidogo, daktari anasema ni kawaida. Mtoto anapiga teke kila nikisahihisha madaftari.

Habari ya joho la kwaya nilicheka mpaka Rufus akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Sijui kama alimkaribisha. Nilikuwa nimefika ukurasa wa tisa ulipokichoma, na Marit alikuwa bado amenyamaza. Kitabu kinauzwa hapa mjini, nakiona kila siku nikitoka shule. Sijakinunua miaka yote hii. Nilijiambia nimekua, lakini ukweli ni kwamba naogopa kukifungua nikauona ule ua wetu.

Wewe je, mtu mzima, unakipendea nini?

Bintiyo, Shallon

*

Gudele, Juba
10 Agosti 2025

Mwanangu,

U hali gani? Safari hii umeandika "bintiyo". Nimeona.

Swali lako nimeshona nalo siku nyingi. Mimi niliolewa nikiwa na miaka kumi na sita. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya, lakini hakunibishia hodi. Baba yangu alisema ndiyo, nikahamishwa pamoja na mkeka wangu. Hakuna aliyewahi kusimama mlangoni akangoja mimi niseme. Sikujua hata kwamba mtu anaweza kungojwa, mpaka nilipomsoma huyu Anselm, na nimeona wivu, Shallon, wivu wa msichana. Basi nami sikukungoja wewe. Niliona sanduku la mtoto ni sanduku langu. Nilikosea. Nisamehe.

Huwa tunasema mzazi habishi hodi kwa mwanawe. Kumbe hata mumiani amenishinda adabu.

Mwezi wa nane ndio huu. Nimekushonea magauni mawili ya kunyonyeshea, begi limefungwa, liko nyuma ya mlango. Naogopa, kuzaa si mchezo, na kila asubuhi moyo unaniambia panda basi. Sitapanda.

Hodi, mwanangu.

Mama yako

*

Gulu
27 Septemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nilijifungua salama tarehe kumi na nne, mtoto wa kike, mwenye kelele kama zako. Najua Douglas ameshakuambia, na najua umenuna kwa kimya changu.

Barua yako ililala chini ya mto wangu. Kila nikishika kalamu, namwelewa Marit: neno lisilorudishwa linatisha. Na sitakuficha, nilikungoja. Kila basi la Juba likipiga honi nilijua umekuja kwa nguvu kama zamani. Uchungu uliponishika niliangalia mlango usiku kucha. Hukuja. Nilikukasirikia kwa kutokuja, na hapo ndipo nilipojijua.

Mama yake Rufus ananikanda vizuri, lakini hacheki.

Jana Rufus alinunua kile kitabu cha tatu. Kiko juu ya kabati, hakijafunguliwa. Mikono yangu yote ina mtoto, na wa kutusomea kwa sauti hayupo. Mwambie Sahro avumilie, utamsimulia ukirudi.

Marit alisema nini, sijui. Mimi nasema karibu.

Mwanao, Shallon