Kikopo cha Nyaboke kwenye Friji ya Moraa

Alhamisi, 12 Juni
Chai imechumwa, imepelekwa kituoni. Nimesoma karatasi ya watafiti mara ya nne. Bakteria wa utumboni huenda wanachangia Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, tangu hatua zake za mwanzo. Huenda. Haijathibitishwa. Hata hivyo moyo unadunda kama wa kijana. Miaka yote nimekitazama kichwa cha mke wangu Nyaboke. Sikuwahi kuliuliza tumbo! Amekubali kutoa choo chake kipimwe. Huniita Mwalimu hata baada ya kustaafu: "Mwalimu, wewe una mambo!"

Ijumaa, 13 Juni
Kikopo tayari! Kikae kwenye baridi hadi Jumapili, siku ya mwisho ya watafiti kukusanya sampuli. Kikiharibika, Nyaboke hayumo kwenye utafiti. Friji bomani ni moja tu, ya Moraa, mke wa mwanangu. Chinsoni, heshima yetu, inanikataza kuingia nyumba ya mwanangu, sembuse kutaja choo mbele ya mkewe. Nyaboke amekipeleka mwenyewe. Karudi mikono mitupu, anaimba.

Sabato, 14 Juni
Nimemuuliza amekiweka wapi. "Kikopo gani?"
Hofu. Nimemtuma akatazame mara mbili. Kwanza karudi na ndizi, kisha na chumvi. Kosa ni langu: kazi ya kukumbuka nilimpa mtu ambaye kumbukumbu ndiyo inayomponyoka. Mwanangu yuko Nairobi, simu haipatikani. Tulipofukuzwa Bonde la Ufa niliacha nyumba na vitabu vyangu vyote. Hata siku ile sikuogopa hivi.
Jioni nimeandika barua, Kiswahili rasmi kama kwa mkuu wa wilaya: "Sampuli ya kitabibu ya mama, je, imo?" Nimeiacha mlangoni kwa Moraa, bakuli zito la jiwe kutoka Tabaka juu yake, upepo usiichukue.

Jumapili, 15 Juni
Alfajiri, sauti ya Moraa nyuma ya migomba. Yeye hakuonekana.
"Baba, kiko nyuma ya maziwa tangu Ijumaa. Nilikifunga mifuko miwili. Mimi nilijua zamani ni nini, nyinyi ndio mnaona haya!"
Nimecheka mpaka miwani ikaanguka. Kipo! Watafiti wamekichukua kikiwa baridi. Wameonya: hii si tiba, ni swali tu. Swali linanitosha. Mwaka ule tuliofukuzwa hakuna aliyetuuliza lolote.

Jumatano, 18 Juni
Mvua. Nyaboke ameuliza kile kikopo kilikuwa na nini. Nimemsimulia yote, barua, bakuli, migomba. Amecheka upya kabisa, kama alivyocheka jana.