Makofi Ishirini na Tisa

Mountain View, Nairobi
Jumanne asubuhi

Kwa dada yangu Syokimau,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetutunza tangu tulipoagana kwenye matanga ya mjomba. Hujambo, dada? Shemeji na watoto hawajambo? Na mama, goti lake limemruhusu kurudi kanisani, au bado mnamsomea Neno kitandani? Mimi na Stacy wangu tu wazima wa mwili. Muhula wa tatu umeanza, yuko kidato cha tatu, na sasa nikitaka kumkemea lazima nitazame juu.

Nimeandika badala ya kukupigia kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni ya macho yako peke yako. Mwau, dereva wa jirani, anakuja Mwingi kesho, nitampa bahasha hii. Ukishasoma, ichome.

Unamjua Amma, ninayemfanyia kazi mwaka wa kumi na moja sasa. Jina lake ni Vasantha, ila wanafunzi wake humwita Amma, yaani mama kwa Kitamil, nami nikafuata. Nilikuambia ni mwalimu wa kuimba, lakini sikuwahi kukueleza huo uimbaji wenyewe. Ni muziki wa kwao kusini mwa India, wanauita wa Kikarnatiki. Mwimbaji huimba huku mkono wake wa kulia ukihesabu juu ya paja: kofi moja, kisha vidole kimoja kimoja kuanzia kile cha mwisho, kisha kofi tena, kisha kiganja kinageuzwa kutazama juu. Hesabu hiyo huzunguka, haikatiki. Mpiga ngoma ana ruhusa ya kulikata kila pigo vipande vitatu, vitano au saba, apotee kabisa masikioni mwa watu, mradi mkono wa mwimbaji uendelee vilevile ili apate pa kurudia.

Mimi niliyajua haya bila kukusudia. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikipiga deki barazani huku wanafunzi wakikariri ta-ka-di-mi, ta-ka-di-mi, na siku moja Amma akanikuta jikoni nakwangua sufuria kwa hesabu ileile. Nilidhani atanifokea. Aliketi juu ya gunia la mchele, akasema, "Tena." Baadaye akanifundisha tambura, kinanda kirefu cha nyuzi nne kinachovuma nyuma ya mwimbaji bila kubadilika. Wanafunzi walikuja na kuondoka, mimi nikabaki naye.

Mwaka jana alianza kutia sukari kwenye dengu. Nilicheka, naye akacheka. Kisha Machi mwaka huu nikapigiwa simu na Ivyne, yule rafiki yangu anayeuza sukuma soko la Kangemi. Aliniambia, "Mukonyo, kuja haraka, huyu mama yako ako hapa kwa barabara." Nilikimbia na aproni yangu. Nilimkuta Amma ukingoni mwa Waiyaki Way, malori yakimpita karibu hadi sari inapeperuka, miguuni ana ndara za bafuni, anawauliza watu basi la Mylapore. Mylapore ni mtaa alikozaliwa, dada, uko ng'ambo ya bahari. Alinishika mkono akaniuliza kwa adabu kama mimi ndiye ninayefagia hekalu. Jioni ile akili yake ilikuwa imerudi, anafundisha kama kawaida na kunilalamikia kuhusu chai. Ndivyo ilivyokuwa, anaenda na kurudi, nami sikulala tena bila kuweka ufunguo wa geti chini ya mto wangu.

Mwezi wa sita jamii yao ikaamua kumfanyia tamasha kwa kutimiza miaka sabini na mitano. Mpiga ngoma angetoka Chennai, Bwana Sundaram, anayepiga mridangamu, ile ngoma ya pande mbili inayolazwa mapajani. Amma akachagua mzunguko wa mapigo ishirini na tisa. Hata wazee wao wengi walikuwa wameusikia kwa jina tu. Nilimsihi achague ule wa mapigo manane ambao kila mtu anaujua. Alisema amengoja miaka arobaini apate mpiga ngoma wa kuubeba.

Kwenye mazoezi alipotea mara mbili kati ya tatu. Siku moja alinyamaza katikati, akanishika kifundo cha mkono. Nilijua kwamba anajua. Akaniambia, "Nikipotea, usinifuate. Wewe kaa njiani."

Tamasha lilikuwa Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, katika ukumbi mmoja Westlands. Alinivika sari yake ya kijani, pini saba, na bado nilihisi itaanguka. Watu kama mia tatu. Mwanawe Murali, yule anayefanya kazi ofisi za huko huko Westlands, alikaa mstari wa mbele na simu juu akimpiga picha. Hakuwa anajua lolote. Mimi nilikaa nyuma ya Amma, tambura nimeilaza mapajani, naomba ile sala ya mtu asiyejua aombe nini.

Saa nzima aliimba kama malaika. Hofu yangu ikaanza kulegea, na hapo ndipo alipoingia kwenye ule mzunguko. Aliimba mstari wake wa maneno machache, akaurudia, akaugeuza, kisha akamwachia Bwana Sundaram apige peke yake. Wakati huo mwimbaji haimbi, huhesabu tu kwa mkono. Sundaram alianza kwa nne, akaenda tano, halafu akafanya jambo lililomfanya hata mpiga fidla kando yetu anyanyue kichwa: kila pigo moja akalikata vipande tisa. Ta-ka-di-mi-ta-ka-ta-ki-ta. Vidole vyake sikuviona tena. Wale wazee waliokuwa wakihesabu mapajani mwao ukumbini, niliona mikono yao ikituama mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wameshindwa.

Kisha mkono wa Amma ukasimama.

Kidole kimoja kilibaki hewani. Alikitazama kama kitu alichoachiwa na mtu ashike kidogo. Sundaram alitupa jicho kutafuta hesabu, hakuikuta, na nikaona mabega yake yanakaza. Dada, nilikuwa bado najua tulipo, pigo la kumi na saba. Niliuinua mkono wangu wa kushoto mahali anapoweza kuuona, mimi mfanyakazi wa nyumbani, mbele ya watu wote wale, nikaendelea. Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Amma akageuka kunitazama. Macho yalikuwa yaleyale ya Waiyaki Way. Nilitaka kuacha kila kitu nimshike nimpeleke nyumbani. Nilikaa njiani.

Sundaram akafuata hesabu ya mkono wangu. Mizunguko miwili mizima tulikwenda hivyo, yeye na mimi, kisha akafunga kwa lile fungu linalopigwa mara tatu, na likaangukia pigo la kwanza sawasawa. Hapo mwimbaji ndipo anapotakiwa kuingia. Amma hakuingia. Mimi sijawahi kuimba popote isipokuwa kwaya ya kanisa, lakini nilifungua kinywa nikauimba ule mstari kwa Kitamil changu cha jikoni. Amma aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akakunja uso, kama anavyofanya mwanafunzi akikosea. Kisha akauchukua mstari kinywani mwangu na kuuimba unavyotakiwa kuimbwa.

Watu walisimama. Walidhani lilipangwa, mwalimu kumpa mwanafunzi nafasi. Murali alikuwa analia kwa furaha. Sundaram peke yake ndiye aliyenifuata nyuma ya pazia. Aliniuliza Amma amekuwa hivi tangu lini. Nilisema amechoka tu. Akasema baba yake mwenyewe alianza hivyohivyo, na kwamba nimwambie Murali mapema.

Sasa, dada, nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Aprili nilimpeleka Amma kupimwa presha. Daktari alimuuliza huu ni mwaka gani, akamwomba achore saa. Kisha akaniita pembeni, akanieleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, lakini kuna dawa za kuuchelewesha, na kila mwezi una maana. Asikae peke yake na moto wa gesi. Akanipa barua iliyofungwa, nimpe Murali. Niliitia ndani ya Biblia yangu, nikaiacha humo miezi mitano.

Murali aliwahi kusema mezani kwamba mama akidhoofika atampeleka kwa dada yake Toronto na nyumba itafungwa. Nilifikiria chumba chetu cha uani na shule ya Stacy. Nimejidanganya mara nyingi kwamba nilificha ili Amma apate kuimba mara ya mwisho. Lakini habari za tamasha zilikuja Juni. Aprili nilificha kwa ajili ya chumba.

Jana nilimpa Murali barua. Aliisoma amesimama. Akauliza tarehe, nikamwambia. Akasema polepole, "Umemnyima mama yangu miezi mitano." Nikasema ndiyo. Alitoka akaketi ndani ya gari bila kuliwasha, nami nikakaa sakafuni jikoni nikisubiri kufukuzwa. Aliporudi aliniambia kwamba Julai mama alimwita kwa jina la marehemu baba yake, naye akajifanya hakusikia. Alhamisi tutaenda kwa daktari sote watatu. Habari ya Toronto hajaamua bado. Ameniomba nibaki, na amesema wazi si kwamba amenisamehe, ni kwa sababu mama hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine.

Nimekubali, lakini naogopa, dada. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu huanza kuondoa mambo ya karibuni, ya utotoni hubaki hadi mwisho. Mylapore itabaki, mama yake atabaki, nyimbo zitabaki. Mimi ni wa juzi. Ninamwosha, ninamlisha, na mimi ndiye nitakayetoka wa kwanza. Leo asubuhi aliniita "wewe".

Niombee. Msalimu mama, mwambie nitakuja Desemba Mungu akipenda, na wasalimu watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Ukinijibu, juu ya bahasha andika jina langu lote. Nataka kuliona limeandikwa na mtu anayenijua.

Ni mimi mdogo wako,
Rael Mukonyo