Samaki wa Shantou Haliwi wa Moto

Mama yangu wa Woolwich,

Hukunizaa. Nililetwa kwako na ofisi ya watunza wazee, miaka ya elfu mbili mwanzoni, nikuogeshe na nikulishe: mimi Mpemba, wewe bibi wa Kichina, na Kiingereza chetu sote wawili kibovu.

Siku ya kwanza ulinionesha kiti kwa mkono, nikae. Ukanikaangia mayai na chaza kwa unga wa viazi vitamu, kama mnavyokaanga kwenu bandarini Shantou. Kwenu hutumia mafuta ya nguruwe, lakini uliponiona na mtandio ukashika chupa ya alizeti. Wallahi nililia ndani ya basi nikirudi kwangu, maana tangu nije Landani hakuna aliyewahi kunipikia.

Halafu ukanifunza samaki. Anapangwa kwenye kikapu cha mianzi, anatiwa chumvi, anapikwa kwa mvuke, kisha anaachwa apoe kabisa. Nilibisha. Kwetu kumpa mtu chakula kilichopoa ni kumdharau. Ukacheka mpaka ukakohoa, ukaniambia ukimpasha moto umemuua mara ya pili. Nikaonja na rojo la soya, nikaongeza. Toka hapo kila Ijumaa tukawa tunakula pamoja.

Wiki ile ya mwisho uligoma kula. Kisha ukaomba samaki. Nilimpika vile vile ulivyonifunza, nikamwacha apoe. Ndipo akaja msimamizi kutoka ofisini kukagua. Akaona sahani, akasema chakula cha mgonjwa lazima kifuke moshi. Ningeweza kumweleza. Niliogopa kupoteza kazi yangu, nikamtia samaki kwenye maikrowevu. Ulionja kidogo tu, ukaniangalia.

"Wewe unajua," ulisema, ukageukia ukutani.

Hukutia kitu mdomoni tena. Asubuhi ya pili yake nilikukuta umeshakufa. Binti yako alinishika mikono, akaniuliza kama ulikula chochote. Nikamwambia ulikula samaki wa kwenu, ukamaliza. Masikini, alishukuru mpaka nikaona haya.

Bado hunipigia simu kila mwaka mpya wenu kunishukuru. Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie, nikashindwa. Nakwambia wewe, Mama, kwa kuwa ni wewe tu unayejua kwamba uliondoka na njaa, na aliyekunyima ni mimi.

Pumzika. Kama waliotangulia husamehe, nisamehe.

Mwanao wa Kipemba